Mgebuka Hafugiki kama Sato

Tangu upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika ulipofungwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei 2024, imani moja imezidi kuota mizizi huku kwetu kando ya ziwa, Bangwe na Ujiji: dagaa na migebuka wakiwekwa kwenye vizimba, hakutakuwa tena na haja ya kupumzisha ziwa. Sato anafugwa, watu husema, basi kilichokosekana ni mtaji na juhudi za wataalamu. Si kweli. Kikwazo kimo katika maumbile ya samaki wenyewe.

Sato huzoea bwawa kwa sababu mama huatamia mayai kinywani, na vifaranga hutoka wakiwa na nguvu. Hula mwani na pumba, tena huvumilia maji yenye oksijeni kidogo. Dagaa wa Tanganyika ni kinyume chake kabisa. Hutaga kwenye maji ya wazi. Mayai huzama polepole na kuanguliwa yakiwa yanashuka, na kinachotoka ni kichanga chembamba kama uzi, kinachohitaji chakula hai kidogo mno, tena bila kukatizwa. Mchana kundi hushuka kilindini, usiku hupanda kufuata vijidudu vya majini, ndiyo maana wavuvi huwavua kwa taa. Dagaa akiguswa na wavu magamba hutoka, naye hafiki mbali. Atahamishwaje kutoka kitaluni hadi kizimbani? Mgebuka naye ni mwindaji: akikua hula dagaa na uduvi. Kumfuga maana yake ni kuvua dagaa wa kumlisha, yaani kulikamua ziwa lilelile tunalosema tunaliokoa.

Wapo watakaotaja maziwa ya Kivu na Kariba. Ni kweli, lumbu, mmoja wa dagaa wa Tanganyika, alipelekwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Kariba mwaka 1967 na 1968, akazaliana. Lakini huko hakufugwa. Aliachiwa ziwa zima ajitafutie. Na Stolothrissa, yule dagaa mwingine wa ziwa letu, alipelekwa Kivu pia, akatoweka. Wengine watataja Japani, ambako Chuo Kikuu cha Kindai kilianza kazi ya kufuga jodari mwaka 1970 na kukamilisha mzunguko wa uzazi wake mwaka 2002. Miaka 32, kwa samaki wa bei kubwa mno! Dagaa huuzwa kwa mafungu ili mwenye kipato kidogo naye apate kitoweo. Nani atalipia gharama ya namna hiyo kwa ajili yake?

Vizimba vya sato viongezwe, sina ugomvi navyo. Lakini haviwezi kuchukua nafasi ya mapumziko ya ziwa, hasa kwa dagaa, ambaye huishi takribani mwaka mmoja tu na hujaza nafasi haraka akiachwa azaliane. Hoja yenye uzito ni ile ya akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi na Katonga: miezi hiyo mitatu wanakula nini? Fedha ambazo zingemwagwa kumfundisha mgebuka kuishi kizimbani zipelekwe kwao, kabla ziwa halijafungwa.