Mwanafunzi ni Shahidi wa Nini?

Somo la utangulizi wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Harvard, linalojulikana kwa jina fupi la Ec 10, kwa miaka mingi limekuwa miongoni mwa masomo yenye wanafunzi wengi zaidi chuoni hapo. Martin Feldstein, aliyepata kuongoza baraza la washauri wa uchumi la Rais Ronald Reagan, alilishika kuanzia 1984 hadi 2005. Aliyempokea ni Gregory Mankiw, ambaye naye alikuwa ametoka kuongoza baraza hilohilo chini ya Rais George W. Bush, na ambaye kitabu chake cha kiada kinasomwa katika vyuo vya nchi nyingi, vya Afrika Mashariki vikiwemo. Tarehe 2 Novemba 2011, wanafunzi wapatao 70 kati ya takribani 700 walisimama muhadhara ukiendelea wakatoka nje. Katika barua ya wazi walimwambia profesa kwamba somo lake lina upande: linafundisha mtazamo mmoja kana kwamba ndio uchumi wenyewe, linamweka Adam Smith mbele ya John Maynard Keynes bila sababu, na kwa hiyo linachangia tofauti ya kipato iliyokuwa imewatoa watu mabarabarani mwaka huo katika vuguvugu la Occupy.

Mwezi uliofuata Mankiw alijibu katika gazeti la New York Times. Alieleza kwamba mada ya siku ile ilikuwa hiyohiyo tofauti ya kipato, na kwamba baadhi ya wanafunzi waliokwisha kulimaliza somo lake walikuja kuketi ukumbini ili kumuunga mkono. Kwa mambo ya hakika, profesa alikuwa na hoja nzito kuliko aliyoiandika. Ec 10 hugawanywa katika mihula miwili: wa kwanza huzungumzia soko, bei, kampuni na mnunuzi, wa pili huzungumzia ajira, mfumuko wa bei na sera za serikali, na huko ndiko Keynes anakokutwa. Barua iliandikwa katikati ya muhula wa kwanza. Isitoshe, Mankiw mwenyewe jina lake katika utafiti lilijengwa na kazi za kutetea mawazo ya Keynes kwa hoja mpya, hasa maelezo yake ya mwaka 1985 kuhusu gharama ndogondogo zinazowafanya wenye biashara wachelewe kubadili bei. Waliotoka walikuwa wanamlaumu mpishi kwa chakula ambacho kilikuwa bado jikoni.

Hata hivyo barua ile haikuwa upuuzi. Wanafunzi walikosea kusema kitu fulani hakimo kwenye mtaala, lakini waliona jambo ambalo mtaala hauandiki popote, yaani kwamba kinachofundishwa kwanza ndicho kinachobaki kichwani. Mfano mzuri ni kima cha chini cha mshahara. Katika sura za mwanzo za vitabu vingi vya kiada, mwanafunzi huonyeshwa mistari miwili, wa mahitaji na wa ugavi, kisha huelezwa kwamba serikali ikiweka mshahara juu ya pale mistari inapokutana, watu watakosa kazi. Hesabu hiyo ni fupi na haina kasoro ndani yake, na mtihani huipenda. Lakini mwaka 1994 David Card na Alan Krueger walichapisha utafiti wao juu ya migahawa ya vyakula vya haraka ya New Jersey, ambako kima cha chini kilikuwa kimepandishwa, wakilinganisha na ile ya Pennsylvania, ambako hakikupandishwa, na hawakuona ajira zikipungua. Ubishi uliozuka ulidumu miaka mingi, na mwaka 2021 Card alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi za namna hiyo. Utafiti huo hupatikana vitabuni pia, ila mara nyingi kama nyongeza baada ya mchoro. Wengi wanaosoma utangulizi wa uchumi hawarudi tena kwenye idara hiyo. Watakuwa wanasheria, wahandisi, wabunge, maofisa wa benki. Mchoro wataondoka nao. Nyongeza itabaki ukurasani.

Malalamiko ya aina hii hayakuanzia Harvard. Juni 2000 wanafunzi wa uchumi nchini Ufaransa walitoa barua ya wazi wakipinga matumizi ya hisabati ambayo yalikuwa yamegeuka lengo badala ya chombo, na dunia za kubuni zilizofundishwa bila kurudi kwenye dunia yenyewe. Waziri wa elimu, Jack Lang, hakuwapuuza. Alimpa Jean-Paul Fitoussi kazi ya kuuchunguza ufundishaji wa uchumi nchini humo. Baada ya mabenki kuanguka mwaka 2008, hoja ilipata nguvu nyingine. Mwanafunzi wa Manchester aliyesoma shahada nzima ya uchumi wakati huo alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini habari iliyo kwenye kila gazeti haimo kwenye muhadhara. Wanafunzi wa Manchester waliunda chama mwaka 2012, wakashinikiza lianzishwe somo juu ya mianguko ya masoko, likafundishwa, kisha likaondolewa. Ripoti yao ya 2014 iliandikiwa dibaji na Andrew Haldane wa Benki Kuu ya Uingereza.

Dar es Salaam ilikuwa imepita njia hiyo mapema zaidi, na kwa joto kubwa zaidi. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, swali la Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, halikuwa kama mhadhiri anaeleweka. Lilikuwa kama anachokifundisha kina uhusiano wowote na nchi iliyo nje ya geti. Wanafunzi wa USARF, chama cha wanafunzi wa siasa za kimapinduzi chuoni hapo, waliendesha madarasa yao wenyewe Jumapili, wakatoa jarida la Cheche kuanzia 1969, na mwaka uliofuata chama na jarida vyote vikapigwa marufuku. Lakini mjadala waliouchochea pamoja na wahadhiri vijana haukuzimika. Ni sehemu ya historia iliyofanya taaluma za maendeleo ziwe somo la lazima kwa wanafunzi wa fani zote, na taasisi yake iundwe mwaka 1973. Kizazi kilichofuata kililiona somo hilo la lazima kuwa mzigo wa kukariri, jambo ambalo waasisi wake wangepaswa kulitarajia.

Kando ya barua na migomo, kuna njia ya pili ya kusikia maoni ya wanafunzi, nayo ndiyo iliyotawala: fomu. Chuo cha Purdue nchini Marekani kilikuwa na kipimo chake cha kuwapima wahadhiri tangu miaka ya 1920, kazi ya mwanasaikolojia Herman Remmers. Leo ni vyuo vichache visivyo na fomu ya aina hiyo. Mwisho wa muhula mwanafunzi huulizwa kama mhadhiri aliandaa somo vizuri, kama alifika kwa wakati, kama alieleza kwa ufasaha, kama somo limemfaa, na kila jibu huwa namba kutoka moja hadi tano. Vyuo vingine humfungia mwanafunzi matokeo mpaka ajaze. Fomu iliyojazwa na mtu anayetaka tu kujua kama ana sapu inafahamika inavyojazwa: safu moja ya nne, kutoka juu hadi chini. Namba hizo hujumlishwa, hupatiwa wastani, na wastani huo huingia katika jalada la mhadhiri anapoomba kupandishwa cheo.

Wachumi, ambao ndio wanaolalamikiwa zaidi, wamesaidia pia kuonyesha udhaifu wa kipimo hicho. Kazi maarufu ni ya Scott Carrell na James West, iliyochapishwa mwaka 2010. Walitumia kumbukumbu za wanafunzi zaidi ya 10,000 wa chuo cha Jeshi la Anga la Marekani kilichoko Colorado. Huko mwanafunzi hachagui mhadhiri wa masomo ya lazima. Hupangiwa kama kwa kura, mtihani ni mmoja kwa madarasa yote, na masomo yanayofuata ni ya lazima pia. Hali hiyo ni adimu, kwa sababu kwingine wanafunzi hodari humfuata mhadhiri fulani na sifa zao huhesabiwa kuwa zake. Walichokuta kinasumbua. Wahadhiri wasio na uzoefu mkubwa waliinua alama za wanafunzi wao katika somo la kwanza la hisabati, na fomu zikawasifu. Wahadhiri wazoefu walipata alama za chini katika mtihani wa papo hapo na sifa haba kwenye fomu, lakini wanafunzi wao walifanya vizuri zaidi katika masomo ya mbele yaliyojengwa juu ya lile la kwanza. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba wa kwanza walifundisha mtihani, wa pili walifundisha hisabati, na mwanafunzi wa muhula wa kwanza hana namna ya kutofautisha.

Katika chuo cha Bocconi, Milan, ambako uchumi ndio fani kuu, watafiti watatu walifikia matokeo yanayofanana mwaka 2014: wahadhiri ambao wanafunzi wao walifanya vizuri katika masomo ya baadaye ndio waliopewa alama za chini kwenye fomu. Waligundua pia kwamba fomu zilizojazwa siku ya baridi na mvua huwa kali zaidi. Huko Maastricht, Uholanzi, fomu karibu 20,000 za kitivo cha biashara na uchumi zilionyesha kwamba wahadhiri wanawake hupewa alama za chini kuliko wanaume, hasa na wanafunzi wa kiume, na hasa wakiwa vijana na somo likiwa na hisabati, ingawa alama za mtihani za wanafunzi wao hazikutofautiana. Hata vitabu na makala za kusoma, ambazo zilikuwa zilezile kwa madarasa yote, zilihukumiwa vibaya zaidi pale mhadhiri alipokuwa mwanamke. Hapo hakuna tena swali la ufundishaji.

Mwaka 2018 jambo hili lilifika mbele ya msuluhishi nchini Kanada, katika mgogoro kati ya chuo cha Ryerson cha Toronto na chama cha wanataaluma wake. Msuluhishi, William Kaplan, aliamua kwamba wastani wa fomu za wanafunzi usitumike kupima ubora wa ufundishaji wakati wa kupandisha vyeo. Hakuzifuta fomu. Alisema zina kazi yake, kwa kuwa mwanafunzi ndiye chanzo kikuu cha habari za yale aliyoyapitia darasani.

Mpaka huo ndio wa kuzingatiwa. Mwanafunzi ni shahidi mzuri wa vitu viwili. Cha kwanza ni yaliyotendeka: kama mhadhiri alikuja au alimtuma msaidizi, kama sauti ilifika nyuma ya ukumbi wa watu 600, kama majaribio yalirudishwa yakiwa na maelezo au na namba tupu, kama desa lilelile la miaka minane iliyopita lilisomwa neno kwa neno. Mambo haya hayahitaji wastani. Malalamiko kumi na mawili kwamba kazi hazikurudishwa ni ushahidi wa kutosha, hata kama wengine 200 wameweka nne katika kila safu. Cha pili ni swali lililomleta darasani: aliingia akitaka kuelewa nini, na anatoka akiwa ameelewa nini juu yake. Kwa hili hakuna mjuzi kuliko yeye. Asichokijua bado ni kama alichofundishwa kitamfaa, kwa sababu kipimo chake kiko mbele, katika somo la mwaka wa pili au katika kazi.

Vyuo vingi vimepindua mpangilio huo. Jambo ambalo mwanafunzi hana uwezo wa kulipima huulizwa kwa namba, na namba huamua mshahara wa mtu. Jambo analolijua, yaani maswali yake juu ya maudhui, halina nafasi kwenye fomu. Hujitokeza kama barua au mgomo, na huitwa utovu wa nidhamu. Mhadhiri wa uchumi naye husoma alama za nyakati. Anayejua kwamba cheo chake kinategemea wastani hupunguza sura ngumu, huongeza maswali yanayofanana na ya mtihani uliopita, na huepuka ubishi wa kima cha chini cha mshahara kwa kuwa mchoro unaeleweka haraka kuliko ubishi. Kwa namna hiyo fomu iliyotungwa ili kumpa mwanafunzi sauti husaidia kuzaa somo lilelile ambalo wale 70 walilikimbia.

Marekebisho yanayoweza kufanyika hayana gharama kubwa. Maswali ya fomu yabaki juu ya mambo yanayoonekana kwa macho, na majibu ya maneno yasomwe na mtu, wala yasigeuzwe namba. Ubora wa ufundishaji upimwe na wahadhiri wenzake wanaoingia darasani na kusoma mitihani aliyoitunga. Mhitimu aulizwe miaka miwili au mitatu baadaye, wakati ambapo ana cha kulinganisha. Vyuo vya Afrika Mashariki tayari hufanya tafiti za kuwafuatilia wahitimu, ila maswali yake mara nyingi huishia kwenye ajira na kipato. Na maudhui yajadiliwe na wanafunzi kwenye kikao cha idara chenye kumbukumbu, kabla mtaala haujapitishwa.

Jambo linalokaribiana na hilo la mwisho limejaribiwa. Mradi wa CORE, ulioanza mwaka 2013 chini ya uongozi wa Wendy Carlin wa University College London, umeandika kitabu cha utangulizi kinachopatikana bure mtandaoni na kinachoanza na tofauti ya utajiri kati ya nchi na kati ya watu, kabla ya mistari ya soko. Wanaokitumia wamekuwa wakiwauliza wanafunzi wapya, siku za mwanzo kabisa za masomo, ni tatizo gani wachumi wanapaswa kulishughulikia kwanza. Nchi hadi nchi, jibu linalojirudia ni tofauti ya kipato, na tabianchi imezidi kutajwa kadiri miaka inavyokwenda. Harvard nayo imebadilika: Mankiw aliliacha Ec 10 mwaka 2019, likachukuliwa na Jason Furman na David Laibson, na mwaka huohuo Raj Chetty akaanzisha pembeni yake somo linaloanza na takwimu za mitaa ya Marekani, kwa swali la nani anapanda kimaisha na nani anabaki alipozaliwa, bila kumtaka mwanafunzi awe amesoma uchumi hapo kabla.