SANDUKU IMARA NI AKIBA YA MSAFIRI

Ashukaye Voi hupokewa na joto na mavumbi mekundu, yale yale yawapakayo rangi tembo wa Tsavo. Akiendelea kwenda Wundanyi, hupita Mwatate, akapanda milima ya Taita, na mara nyingi akakuta ukungu na mvua. Basi katika safari ya saa chache tu mzigo wake umejaribiwa na vumbi, jua, mtikisiko na maji. Mahali pa namna hii sanduku baya halikawii kujulikana.

Jambo hili si geni katika nchi hii. Kabla ya reli, misafara iliyotoka Mombasa kwenda Kilimanjaro ilivuka nyika ya Taru yenye shida ya maji, ikapita Taita, ikapumzika Taveta penye vivuli na chakula. Joseph Thomson alipita njia hiyo mwaka 1883. Mchukuzi alitwikwa mzigo wa ratili 60 au zaidi, na nguo zilifungwa mitumba kwa uangalifu mkubwa kabla ya kuondoka pwani. Maana mtumba uliolegea njiani ulimchosha mchukuzi na kuwachelewesha wenzake wote.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 iliiondoa kazi hiyo ya wachukuzi, na tangu mwaka 2017 reli mpya nayo ina kituo Voi. Walakini hakuna reli ifikayo mlangoni pa kila mtu. Sanduku bado hutupwa juu ya basi, hushushwa kwa haraka, na hubebwa kichwani mpaka nyumbani.

Mathalani, wazazi wawili wanawapeleka watoto wao shule ya bweni. Mmoja ameuza mboga, mwenzake ndizi. Wala hapana aliye na fedha za kuchezea. Wa kwanza anachagua sanduku la bati jembamba kwa sababu bei yake ni theluthi mbili tu ya lile imara. Siku ya safari mpini unang'oka, kifuniko kinafunguka, na vitabu na blanketi vinaanguka matopeni mbele ya watu. Mtoto anaingia shuleni na sanduku lililofungwa kamba, na daftari zilizolowa. Kabla ya kumaliza masomo, mzazi huyo amenunua masanduku matatu, yaani amelipa mara mbili ya bei aliyoikimbia. Sanduku la mwenzake linarithiwa na mdogo wake yule mwanafunzi. Ndiyo maana wazee husema rahisi ni ghali.

Mnunuzi mwenye busara hadanganywi na rangi inayong'aa. Hukibonyeza kifuniko kwa kiganja. Bati likibonyea upesi, huliacha. Hutazama kama mpini umekazwa kwa ribiti zilizopenya mpaka ndani, na kama kona zimeongezwa vipande vya chuma. Hufungua na kufunga bawaba mara kadhaa, akajaribu komeo pamoja na kufuli. Tena hukagua kama kingo za kifuniko zinashuka nje ya sanduku, ili maji na vumbi visipate njia. Lakini uzito peke yake si uimara: sanduku asiloweza mtoto kulinyanyua likiwa tupu halimfai.

Si kila safari yataka sanduku. Kwa kwenda sokoni, kikapu cha mkonge kilichosukwa vizuri na akina mama wa Taita chatosha, na hudumu miaka mingi kikitunzwa kikavu.

Hata kitu imara hakijitunzi chenyewe. Yafaa sanduku likaushwe baada ya mvua, bawaba zipakwe mafuta, na liinuliwe juu ya vipande vya mbao lisikae sakafuni penye unyevu. Ribiti moja ikilegea, ipelekwe kwa fundi siku ile ile. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Na masomo yakiisha, sanduku jema halitupwi. Katika nyumba nyingi ndilo liwekwalo hati ya shamba, vyeti vya kuzaliwa na vya shule. Mzazi alinunuaye kwa ajili ya safari ya mwanawe, hununua pia mahali pa kulindia mali ya jamaa nzima.