Risala ya Watu Wazima Wenye Ulemavu Kuhusu Gharama Ambazo Kadi ya Bima Haizigusi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu. Mkurugenzi wa Halmashauri. Mganga Mkuu wa Wilaya. Waheshimiwa madiwani, viongozi wa dini na ndugu zetu wote mliofika kuadhimisha nasi Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, leo tarehe 3 Desemba.

Mheshimiwa, kadi za Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa (CHF) tunazo, na kwa hilo tunashukuru. Shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita si nyingi, ingawa anayeishi peke yake, na kati yetu ni wengi, hulipa hizohizo. Malalamiko yetu yanaanzia pale kadi inapoishia.

Tuchukue mpira wa mkojo. Katika chama chetu cha watu wenye ulemavu wamo walioanguka kutoka juu ya minazi wakavunjika uti wa mgongo. Mtu wa namna hiyo huishi na mpira ambao lazima ubadilishwe kila baada ya wiki chache. Ukiachwa huziba, mkojo ukarudi ndani, homa ikapanda. Akifika zahanati anaonyesha kadi dirishani, anapokelewa vizuri, hatusemi uongo, kisha anapewa kikaratasi: mpira, mfuko wa mkojo na glavu, kanunue nje. Asiye na fedha anarudi nyumbani na mpira uleule. Akiugua figo analazwa, na hapo sasa kadi inalipa. Yaani bima inakwepa gharama ya mpira ili ije ilipe ya kitanda. Wapo wenzetu waliochukua mkopo wa ile asilimia 2 ya mapato ya halmashauri inayotengewa watu wenye ulemavu wakafuga kuku. Kuku wameishia duka la dawa.

Nauli nayo ni matibabu, Mheshimiwa. Bodaboda haibebi kiti mwendo. Tunakodi bajaji kwenda na kurudi, na msindikizaji anakuwa ameacha kibarua chake siku hiyo. Tukipewa rufaa kuvuka hospitali ya mkoa, kadi ya CHF haifiki huko, na mara nyingi mguu bandia na shimesikio hupatikana hukohuko. Kuhusu ndugu zetu viziwi tutasema jambo moja tu, maana linatia aibu: mama kiziwi anamtoa mwanawe darasani ili akamweleze daktari maradhi ya siri ya mama yake, kwa sababu mkalimani wa lugha ya alama hayupo na wa kulipwa hamudu.

Tunaambiwa upo msamaha. Upo kwa watoto chini ya miaka 5, kwa wajawazito, na kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Sisi wa katikati tunatakiwa kuleta barua ya mtendaji kuthibitisha kwamba hatujiwezi. Ukionekana unauza vocha kibarazani, basi una kipato. Na barua hiyo inadaiwa upya kila mara, kana kwamba mguu uliokatwa huota.

Nchi yetu ya Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya wananchi wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu. Na sasa ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, inayotaka Serikali iwagharamie wasio na uwezo. Hofu yetu ni kugharamiwa kadi, kisha kitita cha mafao kikatuacha dirishani palepale.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo. Yaliyo mikononi mwa wilaya yafanyike wilayani: mipira ya mkojo, mifuko yake, vifaa vya kufungia vidonda vya kulalia na mafuta ya kukinga jua kwa wenye ualbino vinunuliwe kwa mapato ya ndani na vipatikane zahanati, barua ya mtendaji kwa mwenye ulemavu wa kudumu iandikwe mara moja tu, na hospitali ya wilaya iwe na mkalimani, hata kama ni kwa siku maalumu za wiki. Yaliyo juu yako, tunakuomba uyafikishe wizarani kwa maandishi, nasi tupewe nakala: vifaa saidizi pamoja na matengenezo yake viingie kwenye kitita, rufaa ya mwenye ulemavu isikatikie mkoani, na nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake ihesabiwe. Kitita hicho kisipangwe bila sisi kuwamo mezani.

Majibu tunayataka kwa barua kabla Baraza la Madiwani halijapitisha bajeti ijayo. Kiti mwendo tunachoahidiwa jukwaani kila mwaka, safari hii tunaomba kiwe na kasma.