Oili haijali mwinuko wa Nairobi

Mwandishi aliyewashauri wenye matatu wa Eastlands kutumia oili nzito, eti kwa kuwa Nairobi iko juu na hewa nyepesi huilegeza oili, amemshika asiye mwizi. Hapa, mita 1,700 hivi juu ya bahari, shinikizo la hewa ni zaidi ya asilimia 80 ya lile la Mombasa. Tofauti hiyo haigusi mnato wa oili kwa kiasi ambacho fundi wa Kariobangi angekigundua. Shinikizo lina kazi kwingine: meno ya gia yanapobanana, hufika maelfu ya mara ya lile la hewa, na oili hapo hukaribia kuwa yabisi.

Mtawala ni joto. Oili nzito ya 20W-50 ikipashwa kutoka nyuzi 40 hadi 100 hupoteza karibu tisa ya kumi ya mnato wake. Alfajiri ya Julai kule Umoja, injini ikiwa baridi, oili hiyo hupanda polepole na vyuma vya juu husuguana vikavu. Injini iliyochakaa, nakubali, huweza kuhitaji oili nzito kidogo. Lakini sababu ni uchakavu, si mwinuko. Wenye matatu, fuateni kijitabu cha mtengenezaji, si makala ile.