Tovuti ya biashara ya harusi: tujijengee wenyewe au tumpe fundi?



Tangu Mfunguo Mosi uandame tumeulizwa suali moja na wenzetu watatu: mmoja anashona magauni ya harusi, mmoja anapaka hina na piko, na wa tatu anakodisha mapambo ya ukumbi. Wote wanataka tovuti. Wameambiwa siku hizi mtu hujijengea mwenyewe kwa simu yake, na papo hapo wametajiwa fundi anayetaka malipo sawa na bei ya cherehani mpya. Washike lipi?

Rai yetu tunaitoa mapema. Mwenye biashara ndogo aanze kujijengea mwenyewe, ukurasa mmoja au miwili, na fundi amwite siku tovuti itakapotakiwa kufanya kazi asiyoiweza. Lakini jina la tovuti na picha za wateja visitoke mikononi mwake, awe amejenga mwenyewe au amejengewa.

Wapo watakaosema Instagram na WhatsApp zinatosha. Kwa mteja wa Mlandege au wa Wete zinatosha, hatubishi. Lakini bibi harusi aliyeko Maskati au London, anayekuja kuolewa nyumbani, hakujui wewe wala shangazi yako. Anaingia Google na kuandika anachokitafuta. Anataka kujua bei inaanzia wapi, kushona kunachukua wiki ngapi, na vipimo avitume vipi. Kwenye Instagram maelezo hayo yameshazama chini ya picha mia mbili. Tena ukurasa wa kule hauna ufunguo wa kwako peke yako: ukiibiwa nywila, wateja nao wamekwenda.

Sisi washonaji jambo hili tunalijua kwa nguo. Kuna gauni la redimedi na kuna gauni la kupimwa. Wix, Squarespace, WordPress.com na Google Sites ni redimedi. Mshono umeshapangwa, wewe unabadilisha rangi, unaweka picha na kuandika maneno yako. Redimedi si aibu. Wangapi wameletewa gauni kutoka Dubai, tukalipunguza kiuno, tukaongeza mikono na kuziba kifua, wakatoka wamependeza na wamesitirika? Tatizo la redimedi liko ndani, kwenye mshono. Likibana na ndani hakuna kitambaa cha akiba, halifunguki.

Na hizi tovuti zigeuze ndani uangalie kitambaa cha akiba. Wix ya bure inaweka tangazo lao kwenye ukurasa wako, na anwani yako inabeba jina lao. Ukilipia tangazo linaondoka, lakini tovuti uliyoijenga humo huwezi kuibeba ukaihamishia kwa mwenye seva mwengine. Siku ukitaka kuhama unaanza upya. WordPress inakuruhusu kuchukua maandishi yako na kwenda nayo. Google Sites ni bure, haina matangazo, na inakubali kuunganishwa na jina ulilolinunua mwenyewe, ila ni kama kanga: imenyooka, haina mikunjo wala madoido. Ada za hizo nyengine aghalabu hutajwa kwa dola na kukatwa kwenye kadi ya benki, na bei ya mwaka wa kwanza mara nyingi huwa ya kuvutia wateja. Soma bei ya mwaka wa pili kabla hujaandika namba ya kadi.

Kwa hiyo mpaka hina tulimwambia akae na Google Sites. Anachohitaji ni picha za michoro, bei, namba ya WhatsApp na mitaa anayofika. Kazi ya jioni mbili, watoto wakishalala. Apunguze tu ukubwa wa picha kabla ya kuzipandisha, kwa sababu picha nzito inamla mteja bando, na mteja hangoji.

Mshonaji naye ajijengee, ila asiifanyie ubahili kazi ya maneno. Hapa ndipo wengi wetu tunapolegea. Tunahangaika na rangi ya ukurasa siku tatu, halafu tunaandika "karibuni sana kwa huduma bora" na kunyamaza. Bibi harusi hashibi kwa hilo. Mwandikie mwisho wa kupokea oda za kabla ya Ramadhani, maana Shaaban kila mtu anataka nguo yake. Mwandikie kama kitambaa analeta yeye au unanunua wewe, na gauni likihitaji kurekebishwa analipa nani. Hayo hakuna fundi wa tovuti atakayekuandikia, hata umlipe dhahabu, kwa kuwa hayajui.

Wa mapambo ndiye tuliyemwambia atafute fundi. Yeye anakodisha viti vya maharusi, majukwaa na mataa, na hofu yake kubwa ni kuwapa maharusi wawili seti moja siku moja. Anahitaji kalenda inayofunga tarehe ikishalipiwa arubuni, na arubuni hiyo iingie kwa M-Pesa au Airtel Money. Kuunganisha tovuti na malipo ya simu kunataka makubaliano na kampuni ya malipo na mtu anayeijua kazi. Hapo kujijengea mwenyewe ni kukata hariri kwa kisu cha jikoni.

Na ukimwita fundi, usimdharau kwa bei. (Wanaolalamika kuwa fundi wa tovuti ni ghali ndio hao hao wanaotwambia sisi "si kushona tu?") Mlipe haki yake bila ya kumzungusha, Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wa sallam, ametuhimiza tusimcheleweshee mfanyakazi ujira wake. Lakini nawe haki yako iandike. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imekuja kutuamrisha kuandikiana tunapokopeshana, na sisi tunaona adabu hiyo inafaa katika kila kazi yenye malipo na muda. Andikeni kurasa ngapi, bei gani, siku gani inakabidhiwa, marekebisho mara ngapi, na baada ya hapo nani ataitunza. Hilo la mwisho usilisahau. Tovuti ya WordPress iliyowekwa kwenye seva yako inataka kusasishwa kila mara, na ikiachwa hivi hivi wezi wa mtandaoni huingia kupitia programu ndogo ndogo zilizochakaa.

Jina la tovuti, liwe la .co.tz au .com, lisajiliwe kwa jina lako na kwa baruapepe yako. Tunamjua mwenzetu mmoja aliyejengewa tovuti nzuri, jina likasajiliwa kwa baruapepe ya fundi. Fundi akahama, simu haipokelewi, mwaka ukaisha bila ya ada kulipwa, na jina likapotea. Kadi za biashara alizozichapisha bado anazo kabatini. Kununua jina ni kazi ya dakika chache kwa msajili aliyeidhinishwa. Nunua mwenyewe, halafu mpe fundi ruhusa ya kuliunganisha tu.

Limebaki la picha, na hili kwetu ni zito kuliko bei. Bibi harusi anapokuja kujaribishwa gauni anavua baibui mbele yetu kwa kuwa tuko wanawake watupu. Picha tunazompiga ili aone mgongo umekaaje ni amana. Sasa fundi wa tovuti anakwambia, "nitumie picha zote, mimi nitachagua." Wote hao atawaona, na zitakaa kwenye simu yake na kwenye hifadhi yake ya mtandaoni mpaka lini, hujui. Pengine ni mtu mwema. Lakini yule binti hakuvua baibui kwa ajili ya mtu mwema yule.

Ukijijengea, angalau unachagua wewe kinachotoka ndani ya simu yako. Ukiwa na fundi, hata awe mwanamke, mpe zile tu zitakazoonekana na watu wote, baada ya kumuuliza mwenyewe bibi harusi, na kumuuliza tena akishaolewa, maana ruhusa ya siku ya kujaribu gauni huenda akaijutia. Sisi tumeamua kutoweka sura ya mtu kabisa. Gauni tunalivisha sanamu la dukani, tunapiga mbele, mgongo na pindo, na karibu ya shanga ili mkono wa kazi uonekane. Wateja wa nje wakitaka kuona limemkaaje mtu, tunawaomba vipimo vyao, na tunawaonesha kwa simu ya video, wanawake kwa wanawake, baada ya sala ya Isha.