Gesi Ndani ya Chumba Kimoja



Siku hizi ukipita jioni katika nyumba za wafanyi kazi husikii sana harufu ya mafuta ya taa kama zamani. Mtungi wa gesi umeingia. Ule mdogo wa kilo 6 wenye jiko juu yake umesimama katika kona ya chumba, na wenye nafasi kidogo wamenunua ule wa kilo 13 wenye mpira. Sisi hatusemi kwamba jambo hili ni baya. Mama anayechemsha chai saa kumi ya alfajiri kwa ajili ya mtu wa zamu hana haja tena ya kupuliza makaa, wala watoto hawaamki na macho mekundu kwa moshi. Na makaa nayo, kama mjuavyo, yameua watu wengi waliolala nayo mlango ukiwa umefungwa.

Lakini yatupasa kusema waziwazi. Wengi wetu tunakaa na mtungi huu katika chumba kile kile tunamolala, na tunaununua bila kuuliza umejazwa wapi. Mambo haya mawili yakikutana, familia nzima imo hatarini.

Tukumbuke yaliyotokea Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024. Lori lililobeba gesi lililipuka mahali pa kujazia mitungi palipokuwa katikati ya nyumba za watu. Watu walikufa, na zaidi ya 200 walijeruhiwa, na wengi katika hao walikuwa wamekaa kwao tu, wamemaliza kazi za siku. Baadaye mamlaka ya nishati ilieleza kwamba mwaka 2023 ilikataa mara tatu maombi ya kujenga mahali hapo. Basi kukataliwa kulikuwako, na gesi ilikuwako vilevile. Twauliza, gesi ile ilikuwa ikiuzwa kwa nani? Ilikuwa ikiuzwa kwa watu kama sisi, kwa sababu ilikuwa karibu na bei yake ilikuwa nafuu.

Nafuu hiyo tuitazame vizuri. Gesi iliyo ndani ya mtungi si hewa, ni maji. Imeshindiliwa hata ikawa maji. Lita moja ya maji hayo ikitoka nje huwa zaidi ya lita 200 za gesi. Kwa hiyo mtungi haujazwi mpaka juu. Huachwa nafasi kama moja ya tano, ili maji hayo yakipata joto yawe na pahali pa kutanukia. Mtu anayejaza mitungi gizani nyuma ya kioski, akimimina kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo, hapimi nafasi hiyo. Wala hatazami kama valvu imeoza, au kama ile pete ndogo ya mpira iliyo mdomoni mwa mtungi imepasuka. Sheria ya mwaka 2019 yasema mtungi ujazwe na mwenye jina lililoandikwa juu yake, au na mtu aliyepewa ruhusa na mwenye jina kwa maandishi. Sheria hiyo haikuwekwa ili kumtajirisha mtu. Ni ili mtungi ukileta madhara ajulikane wa kujibu.

Tena mara nyingi nafuu yenyewe ni ya uongo. Kila mtungi umepigwa chapa ya uzito wake ukiwa mtupu. Kama umeandikwa kilo 14, basi mtungi wa kilo 13 ukijaa mizani haina budi kusoma 27. Ikisoma 25, umeuziwa kilo 11 kwa bei ya 13, na zile shilingi mia mbili ulizodhani umeokoa zimebaki mfukoni mwa mwenye duka. Mwuzaji wa haki ana mizani na hakasiriki ukimwambia apime. Anayekasirika, mwachie mtungi wake. Na kifuniko cha plastiki kilicho mdomoni si ushahidi wa kitu. Watu hao wanavyo gunia zima.

Sasa kazi ya nyumbani. Sisi watu wa reli hatuondoshi gari la moshi stesheni kabla ya kupima breki. Mabehewa yakiisha kuunganishwa, mipira ya hewa hufungwa, hewa hutiwa, na mtu husikiliza na kutazama kama inavuja. Hakuna dereva atakayesema, "Jana ilikuwa nzuri, twende tu." Lakini dereva huyo huyo akifika nyumbani hubadilisha mtungi upesi upesi, akafunga regulata, yaani kile kichwa cha juu, akawasha kibiriti papo hapo. Hili ni jambo la ajabu kwetu. Chukua maji na sabuni kidogo, yakoroge yatoe povu, upake mahali mtungi unapoungana na regulata, na ncha zote mbili za mpira. Fungua gesi bila kuwasha moto. Povu likifura na kutoa mapovu, gesi inatoka. Funga, uurudishe mtungi dukani. Usijaribu hata siku moja kutafuta pa kuvuja kwa njiti ya kibiriti. Mpira wenyewe uwe ule uliotengenezwa kwa gesi, si kipande cha mpira wa maji wa bustanini, na ukiona nyufa au umekuwa mgumu kama kuni, nunua mwingine. Mpira ni shilingi chache.

Mtungi usimame wima. Wako wenzetu ambao gesi ikielekea kwisha huulaza mtungi, au huutingisha, au huumwagia maji ya moto, wapate chai ya mwisho. Ukiulaza, yale maji ya gesi yenyewe hupita mpirani badala ya mvuke wake, na moto unaweza kuruka ghafula mpaka darini. Ukiutia joto, unaongeza nguvu ndani ya chuma ambacho hujui kimepimwa lini. Chai hiyo ni ghali mno.

Jambo la kufahamu sana ni kwamba gesi hii, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani, ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu kama moshi. Hutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, ikaingia chini ya kitanda, ikajikusanya pembeni na kungoja cheche. Kwa hiyo dirisha dogo la juu karibu na bati halitoshi. Ni mlango utakaoitoa. Yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya hutiwa makusudi ili tuonywe. Ukiisikia, usiwashe kitu wala usizime kitu, hata swichi ya stima, maana swichi hutoa cheche ikiwashwa na ikizimwa pia. Funga mtungi kama waweza kuufikia, fungua mlango, toa watoto, ukapige simu ukiwa nje. Kila usiku jiko likiisha kuzimwa, gesi ifungwe pale mtunginimwenyewe, si kwenye kitufe cha jiko peke yake, kwa kuwa mtu aliyelala au mwenye mafua hasikii harufu. Na mtu akiungua, maji baridi ya bomba yapite juu ya kidonda dakika 20. Dawa ya meno, siagi na yai viacheni. Daktari atakuwa na kazi ya kuvitoa kwanza.

Kuhusu kuokoa gesi hatuna mengi, ila moja hudharauliwa. Maji yakiisha kuchemka hayazidi kupata joto hata ukiwasha moto wote. Mombasa yanachemka kwa digrii 100. Nairobi, kwa kuwa tuko juu, yanachemka karibu na 95. Na ndugu zetu walioko Timboroa, karibu mita 2,750 juu ya bahari, yao yanachemka kama kwa digrii 91. Ndiyo maana mtu aliyehamishwa kutoka pwani kwenda bara hulalamika kwamba maharagwe ya huku ni mabaya. Maharagwe hayana kosa, ni maji. Basi yaloweke usiku kucha, funika sufuria, na yakianza kuchemka punguza moto uwe mdogo. Mwenye uwezo wa kununua sufuria ya presha ataona mtungi wake ukidumu, hasa huko juu. Moto uwe wa buluu na ukae chini ya sufuria. Ukipanda ubavuni unapasha hewa. Ukiwa wa manjano na sufuria inapata masizi, jiko limeziba, nalo hutoa sumu isiyo na harufu kama ya makaa. Lisafishe matundu yake.

Sasa twaja kwa mwenye nyumba, awe mwajiri au bwana wa ploti. Tumesema mlango ndio unaotoa gesi. Lakini mfanyi kazi aliyepewa chumba kimoja chenye dirisha lililopigiliwa misumari, na mlango usioweza kuachwa wazi usiku kwa sababu ya wezi, aweke mtungi wapi? Kumwambia ajihadhari tu ni kumcheka. Kila nyumba ipewe mahali pa kupikia penye tundu la hewa chini karibu na sakafu, na pahali pa kuweka mtungi nje chini ya kivuli, penye kufuli. Hii si starehe tunayoomba. Ni matofali machache na waya wa wavu.

Halmashauri ya tawi italeta jambo hili mbele ya mwajiri, nayo yataka kwenda na hesabu kamili. Kila mwanachama ambaye chumba chake hakina dirisha linalofunguka na ampe katibu namba ya nyumba na idadi ya watu wanaolala humo, kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi. Walio katika magengi ya njia wanaweza kumpa mnyapara wao karatasi, ataileta na gari la Jumamosi.