Mpunga ghalani, ada chuoni

Mavuno yakimalizika bonde la Kilombero, mfanyabiashara wa Ifakara hujiuliza mambo mawili: auze mpunga lini, na fedha azitie wapi. Leo tunajadili kitega uchumi kisichomo katika jedwali letu la bei, nacho ni kumsomesha mtoto shahada ya usanifu majengo.

Tuanze na muda. Katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, shahada hiyo ni ya miaka 5, wakati ile ya ukadiriaji majenzi ni miaka 4. Hata akihitimu, kijana hawezi kufungua ofisi kesho yake. Sharti kwanza afanye kazi chini ya wazoefu, kisha asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Juu ya ada kuna kompyuta, uchapaji wa michoro na vifaa vya vielelezo. Mkopo wa Serikali husaidia, lakini ni deni: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara.

Wapo wasemao kuwa mafundi wetu wanatosha. Hatukubaliani nao. Bonde hili hufurika masika, joto ni kali, na mbu hupenya kati ya ukuta na paa. Ghala lililojengwa bondeni bila njia ya hewa huozesha mpunga, na hasara hiyo mwenye mali huilipa kila msimu bila stakabadhi. Wafanyabiashara wanalifahamu Soko la Kariakoo la miaka ya 1970. Msanifu wake, Beda Amuli, Mtanzania, aliliezeka kwa miavuli ya zege iliyopitisha hewa na kukinga maji ya mvua. Akili ya namna hiyo inahitajika Ifakara, hasa baada ya daraja la Mto Kilombero kufunguliwa mwaka 2018 na magari ya Ulanga kuachana na kivuko.

Ushauri wetu ni huu. Usiuze shamba wala mashine ya kukoboa ili kulipa ada, kwani utakuwa umekula mtaji. Bei ya mpunga kwa kawaida huwa chini wakati wa mavuno na hupanda kuelekea masika, ilhali ada hudaiwa kwa mihula. Basi gawa mpunga mafungu matatu: la muhula wa kwanza, la muhula wa pili, na la chakula na mbegu. Usiuze wote siku moja.

Asiyeweza kutenga mafungu hayo kwa misimu 5 mfululizo ni heri aanze na stashahada ya ufundi. Mwanafunzi anayeachishwa mwaka wa 3 kwa kukosa ada ni sawa na nyumba iliyoishia kwenye lenta: fedha imekwenda, na hakuna awezaye kulala ndani.